Boma la Waya na Amani ya Majirani

(Maneno ya karani mmoja wa machimbo mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Bunyakiri)



Nimeombwa kusema juu ya boma la ng'ombe. Pengine mtu atauliza, karani wa machimbo ana neno gani na ng'ombe? Jibu langu ni fupi. Mwisho wa mwezi mimi ninaona franka zikihesabiwa mezani, na kwa mazungumzo ya watu ninajua zinakokwenda. Nyingine zinaishia katika kasiksi. Nyingine zinalipa masomo ya watoto. Na nyingine, za watu wenye akili ya mbali, zinawekwa pamoja mwezi kwa mwezi mpaka zinunue ng'ombe jike mmoja. Ng'ombe huyo ndiye akiba ya mfanyakazi. Ni benki yenye miguu minne.

Tunayo sababu ya kutafuta akiba ya namna hiyo. Kampuni inazaliwa na kampuni inakufa. Wazee hapa wanakumbuka Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za Kivu na Maniema. Ilikuwa na nyumba, hospitali na magari. Mwaka 1997 ikavunjwa. Jiwe la kasiterite ukilitoa ardhini mara moja halizai tena. Ng'ombe anazaa.

Lakini benki yenye miguu ina taabu yake: inatembea, na ina tumbo. Ng'ombe hajui mpaka. Usiku mmoja anaingia katika mihogo ya mama mjane, asubuhi shamba limekuwa uwanja. Mama analia, watoto wake wanashika panga, ng'ombe anakatwa mguu. Mwenye ng'ombe naye anakusanya ndugu zake. Shauri linakwenda kwa mzee wa kijiji, halafu kwa mwami, halafu mbele ya polisi, na kila mlango unataka franka. Mwisho, aliyepoteza mihogo ni maskini, aliyepoteza ng'ombe ni maskini, na watoto wao hawasalimiani tena njiani. Haya yote kwa sababu ya nafasi ya hatua nne isiyokuwa na waya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla sijafika kwenye nguzo na misumari, nataka kujibu wale wanaosema kwamba waya ni kitu kibaya. Hawasemi bure. Waya wa miiba, ambao wengine huuita seng'enge, haukuzaliwa kwetu. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois huko Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1874, na baada ya miaka michache nchi za malisho za Marekani zikafungwa kwa waya. Huku kwetu Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu mwaka 1928, nayo ikapewa madaraka ya kugawa ardhi kwa wazungu wa kahawa, chai, kinini na ng'ombe. Baba zetu waliona nguzo zikisimama mahali palipokuwa njia yao ya maji. Uhuru ulikuja mwaka 1960, sheria ya Bakajika ikafuata mwaka 1966, halafu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliyosema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Je, waya uliondoka? Katika sehemu nyingi haukuondoka. Ulibadili mwenyewe tu. Huko Masisi mashamba makubwa ya wazungu yalipita katika mikono ya wenyeji wachache wenye nguvu, na wakulima wakabaki nje wakiangalia majani. Mwezi wa Machi 1993 vita vilianza Walikale, jirani yetu, vikaenea Masisi, na watu maelfu wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, na ardhi ilikuwa mojawapo.

Basi, ndugu, waya ni kama panga. Panga linakata ndizi na linakata mtu. Ninayosema leo ni boma la kumzuia ng'ombe asiingie katika chakula cha watu. Boma la kumzuia mtu asifike kwenye shamba la baba yake ni jambo jingine, na sina neno la kulitetea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya boma inafanywa kwa mdomo, kabla ya jembe. Waite majirani wote wanaopakana nawe, mchana, siku isiyo ya soko. Mwite mzee wa kijiji na mtu wa mwami. Waite na wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaolima, na wanajua mpaka kuliko waume zao walioko machimboni. Tembeeni pamoja, mkichomeka vijiti. Andikeni karatasi, majina na alama, kila upande ubaki na yake. Mkimaliza, kasiksi iletwe, kwa sababu mpaka uliokunywewa mbele ya mashahidi unakumbukwa na wengi. Ndugu zetu wa Bushi tangu zamani walikuwa na desturi ya kalinzi: mtu alitoa ng'ombe kwa mwami, akapata shamba ambalo watoto wake wangelirithi, na watu walijua. Desturi ile inatufundisha kwamba shamba lilisimama kwa ushuhuda wa watu hata pale ambapo hapakuwa na karatasi.

Tena muache njia. Njia ya kwenda mtoni, njia ya shule, njia ya makaburi, hazifungwi. Ikiwa waya lazima ukate njia, wekeni mahali pa kupita watu: nguzo mbili zilizokaribiana kwa kona, mtu anapenya kwa kujipinda, ng'ombe hawezi.

Na mjue kwamba nguzo hazikupi hati. Mbele ya sheria ya 1973 mwenye kutaka haki ya kudumu hutafuta cheti cha kuandikishwa ardhi, na kabla ya kukipata lazima uchunguzi ufanyike mahali penyewe ili kuona kama watu wapo na wana haki gani. Ninyi mnaosikia kwamba bwana fulani anaombea cheti kilima mnacholima, msikae kimya. Nendeni kusema siku ya uchunguzi, na majina yenu yaandikwe. Cheti kikikwisha kupita miaka miwili, kukishtaki ni mzigo mzito sana.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Hapa ninyi watu wa machimbo ni walimu kuliko mnavyofikiri. Mnajua kuchimba shimo lililonyooka. Mnajua kupima mti wa kuzuia udongo usianguke. Nguzo ya boma na mti wa shimoni ni ndugu: kila mmoja umewekwa kushindana na nguvu inayosukuma mchana na usiku.

Nguzo. Kwa ng'ombe nguzo ya kawaida iwe na urefu wa mita 2 na sentimita 10, unene wa sentimita 10 au zaidi. Sentimita 70 ziingie ardhini. Mkaratusi unafaa, nao unakua upesi hapa Kivu. Kata mti, toa magome yote, uulaze juu ya mawe penye hewa mpaka ukauke. Magome yakibaki, wadudu wanakaa chini yake. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari ili mvua itelemke. Nguzo haiozi sana juu wala chini kabisa. Inaoza pale udongo na hewa vinapokutana, na Bunyakiri, nchi ya mvua na msitu, inaoza upesi. Kwa hiyo weka mawe madogo chini ya shimo, shindilia udongo tabaka kwa tabaka, na juu ya ardhi fanya kifundo kidogo ili maji yakimbie nguzo. Usikate nguzo katika Mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga ile iliundwa mwaka 1970, sheria yake inajulikana, na miti inayopandwa na mtu mwenyewe haimpeleki gerezani.

Nguzo za pembe. Hapa ndipo maboma mengi yanapokufa. Mtu ananunua waya mzuri, anaufunga kwenye nguzo dhaifu ya pembe, mwezi wa pili nguzo imeinama na nyuzi zote zimelegea kama kamba ya nguo. Nguzo ya pembe iwe nene, sentimita 15 hadi 20, urefu wa mita 2 na sentimita 40, na mita 1 nzima ardhini. Halafu simamisha nguzo ya pili ndani ya mstari, umbali wa mita 2 na nusu. Kati ya hizo mbili laza mti mmoja wa kusukuma, karibu na juu. Mwisho zungusha waya laini mara mbili, kutoka chini ya nguzo ya pembe mpaka juu ya nguzo ya pili, uutie kijiti katikati na kuukaza kwa kuzungusha. Angalieni vema: chini kwenye pembe, juu kwenye nguzo ya pili. Ukigeuza, kazi yote ni bure. Pembe yenye mistari miwili inahitaji mategemeo mawili, moja kwa kila mstari. Nguzo za mlango nazo zitegemewe hivyo hivyo.

Waya. Kwa ng'ombe nyuzi 4 zinatosha: wa kwanza sentimita 35 kutoka ardhini, kisha 65, kisha 95, kisha 125. Nguzo zikae kila mita 4. Waya upigwe upande wa ng'ombe, si upande wa nje. Ng'ombe anapoegemea, anausukuma waya kwenye nguzo. Ukiupiga upande mwingine anausukuma kuacha nguzo, na misumari inang'oka. Misumari ile ya miguu miwili ipigwe mshazari kidogo, ili miguu yake isiingie katika ufa mmoja wa mti. Usiipige mpaka mwisho. Acha nafasi ndogo waya uweze kuteleza, maana mti au ng'ombe akiuangukia, nguvu igawanyike katika mstari wote. Mwisho wa kila uzi uzungushwe nguzo ya pembe na kujifunga wenyewe. Usitegemee msumari peke yake.

Waya wa miiba usivutwe kupita kiasi. Ukikatika unarudi kama nyoka, unaweza kumtoa mtu jicho. Vaeni glavu za ngozi na mikono mirefu, na asiwepo mtoto karibu. Mwaminifu wa machimbo anajua kwamba haraka inavunja mifupa.

Vilima. Nchi yetu haina uwanja sawa. Mstari ukishuka bondeni na kupanda tena, waya unaivuta nguzo ya bondeni kwenda juu, siku moja unaikuta inaning'inia. Dawa yake ni jiwe. Chimba shimo kando ya nguzo, funga jiwe kubwa kwa waya, lizike, na ule waya uufunge kwenye nguzo. Na pale kijito kinapopita, usipitishe boma lenyewe ndani ya maji. Funga juu waya mmoja wa peke yake, utundike miti inayoning'inia mpaka karibu na maji. Mafuriko yakija yatasukuma miti ile au kuikata, na boma lote litabaki.

Nguzo zilizo hai. Mwenye franka chache apande miti ambayo fimbo yake ikichomekwa inaota: mnyaa, au ile yenye maua mekundu na miiba mnayoiona kwenye mipaka ya zamani. Ipandwe mwanzo wa mvua, na waya usifungwe mpaka mizizi ishike. Lakini msipige msumari moja kwa moja katika mti ulio hai, maana unanenepa na kuumeza waya. Tangulizeni kipande cha ubao. Na mjihadhari na utomvu wa mnyaa, unaumiza macho vibaya. Wenye mbuzi nao wasikie: nyuzi 4 hazimzuii mbuzi. Kwake yeye chini pafungwe kwa mimea iliyosongamana.

Jambo la radi. Hili si hadithi ya wazee tu. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya radi za dunia nzima zilizoonwa na setilaiti kwa muda wa miaka 16. Mahali pa kwanza palikuwa ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili, ndugu zangu, palikuwa Kabare, hapa hapa, jirani wa Kalehe, radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Waya mrefu juu ya nguzo za mti unabeba umeme wa radi mbali sana, na ng'ombe wanaosimama karibu nao wakati wa mvua wanaweza kufa wengi kwa pigo moja. Kwa hiyo kila hatua 50 hivi shusha chuma au waya mnene unaogusa nyuzi zote nne, uingie katika udongo wenye maji mita 1 au zaidi. Mahali pengine ukate mstari kwa kipande cha mbao tupu, ili umeme usipate njia ndefu. Usifunge boma kwenye mti mrefu uliosimama peke yake. Na mvua ikinguruma, mchungaji asiegemee waya.

Sasa niwape hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Hektari 1 ni mita 100 kwa 100. Kuizunguka ni mita 400. Kwa nyuzi 4 ni mita 1,600 za waya, na nguzo 100. Mzingo wa waya ukiwa wa mita 500, unahitaji mizingo 4. Ulizeni dukani kabla ya kulipa, kwa sababu ipo pia ya mita 250 ambayo kwa macho inadanganya.

Watu 4 wenye hektari moja moja, kila mtu akijenga peke yake, watanunua mizingo 16 na kukata nguzo 400. Lakini wakiunganisha hektari zao zilizopakana kuwa mraba mmoja wa mita 200 kwa 200, kuuzunguka ni mita 800 tu. Nyuzi 4 ni mita 3,200, ndiyo mizingo 7, na nguzo 200. Wakitaka kuugawa ndani kwa msalaba, ili majani ya upande mmoja yapumzike wakati ng'ombe wako upande mwingine, wanaongeza mita 400, na jumla ni mita 4,800 za waya, mizingo 10. Bado wamebakiza mizingo 6 mfukoni. Hakuna mchawi katika hesabu hii. Kila mpaka wa katikati ulikuwa umejengwa mara mbili, na majirani wawili walikuwa wanalipa franka kwa kutoaminiana.

Ninaona wengine wanatikisa kichwa. Mnasema, tukiunganisha, nani atatengeneza boma likibomoka? Ng'ombe wa nani aliyelibomoa? Swali hili ni la haki, nalo lijibiwe siku ile ile ya karatasi. Kila mtu apewe kipande chake, kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, namba ipigwe kwenye nguzo kwa rangi. Kila Jumamosi mmoja azunguke boma lote na daftari: nguzo iliyoinama, msumari uliotoka, mti ulioanguka. Mwenye kipande apewe siku 3. Asipotengeneza, wenzake watatengeneza naye atalipa. Na ng'ombe akipita mahali palipoandikwa katika daftari na pasipotengenezwa, mwenye kipande ndiye atakayelipa mihogo. Fedha ya misumari ikusanywe kidogo kidogo kila mwezi, iwekwe kwa mtu ambaye si mwenyekiti, na daftari lisomwe mbele ya wote. Chama kisichosoma daftari mbele ya watu kinazaa mwizi hata kama hakikuwa naye.

Na wale wenye ng'ombe mmoja au wawili tu, wasio na ardhi ya malisho, wasikate tamaa wala wasimwachie ng'ombe barabarani. Hao wanaweza kumfunga ng'ombe bandani, wapande matete kando ya mashamba na mitaro, wakate na kumletea. Boma lao litakuwa dogo, franka chache, maziwa na mbolea vitakuwa karibu na nyumba. Matete yale yale yanashika udongo usiteremke na mvua.

Wakati wa vita vya 1996 na vya 1998 ng'ombe wengi wa Kivu waliporwa, na waya haukuwazuia wenye bunduki. Ninajua. Boma halitatupa amani ya nchi nzima. Lakini zipo vita ndogo zinazoanza katika shamba moja la mihogo, kati ya watu wawili wanaojuana kwa majina, na vita hizo tunaweza kuzizuia wenyewe, kwa karatasi, nguzo na jiwe lililozikwa vizuri. Hatuhitaji ruhusa ya mtu kutoka mbali kuanza kupatana na jirani.

Basi nimalize kwa kazi. Mwezi huu kila mmoja mwenye ng'ombe, au anayeweka franka za kumnunua, awatafute majirani watatu na kuwaambia hesabu niliyotoa. Kabla ya mvua kuanza mwende pamoja kwenye mpaka na vijiti mikononi. Miti ikatwe mapema, ikauke. Pembe ijengwe kwanza, waya baadaye. Mwenye swali la hesabu aje jioni baada ya kazi, nami nitampigia bure.

Kidole kimoja hakivunji chawa.